Chura Dume Halii, Hapandi, Hatoi Mbegu: Kasoro Iko Wapi?

Masika yakishika kasi mwezi Aprili, madimbwi ya Jangwani na ya Mbezi, hapa Dar es Salaam, hujaa sauti za vyura kuanzia magharibi hadi alfajiri. Madume waliomo kwenye beseni la maabara, pengine hatua chache tu kutoka dimbwi lenyewe, wanaweza kumaliza wiki nzima bila kutoa mlio hata mmoja. Wakiona hivyo, wafugaji na wanafunzi wengi wa baiolojia hukimbilia sindano ya homoni. Sindano ni chombo kizuri, ila inajibu swali moja tu: je, korodani ziko tayari kutii amri? Haikuambii kwa nini amri yenyewe haikutoka.

Amri huanzia kwenye ubongo. Haipothalamasi hukusanya habari za joto, maji, shibe na sauti za wenzake, kisha hutoa homoni ya GnRH. Hiyo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, imwage homoni za LH na FSH kwenye damu. LH ikifika kwenye korodani huzichochea seli za Leydig kutengeneza testosteroni na jamaa yake dihidrotestosteroni. Hizo ndizo zinazotia weusi na ukwaru kwenye vidole vya mbele, kunenepesha misuli ya mikono ya kukumbatia, na kuandaa koo na ubongo kwa ajili ya kulia. FSH kazi yake kubwa ni kuzidisha seli mama za mbegu. Mbegu hukomaa ndani ya vifuko vidogo, kila kifuko kikiwa na seli za rika moja zinazolelewa na seli za Sertoli. Zikiiva hubaki zimeng'ang'ania hapo kwa vichwa vyao mpaka wimbi la LH lipite. Ndipo hung'oka, hupita ndani ya figo, na kutokea kwenye kloaka, yaani tundu moja la mkojo, kinyesi na uzazi, kwa njia ile ile ya mkojo.

Kwa hiyo kuna sehemu nne za kukagua: mazingira na mwili, ubongo, pituitari, korodani. Kagua kwa mpangilio huo.

Jambo moja huwapotosha watu mapema. Maelezo mengi ya msimu wa uzazi wa chura yametokana na Rana temporaria wa Ulaya. Yule hutengeneza mbegu wakati wa joto, huzihifadhi kipindi chote cha baridi, kisha huzitumia kwa siku chache za masika ya huko. Akiwa nje ya muda wake, korodani zake hazianzishi kundi jipya la mbegu hata mazingira yakiwa mazuri. Vyura wengi wa ukanda wa joto hawako hivyo. Mbegu hutengenezwa karibu mwaka mzima, kwa kupanda na kushuka, na kinachobadilika zaidi ni kiwango cha androjeni (homoni za kiume kama testosteroni) na tabia ya dume. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni dakika zipatazo 47 tu. Usihangaike na taa na saa za kuwasha na kuzima ukitarajia ndizo zitakazomwamsha dume wa hapa. Anachosoma ni mvua, unyevu, joto, na wingi wa wadudu: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Kwanza: ni dume kweli, na ni chura gani?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini limemaliza "matatizo" mengi. Kwa chura wa kawaida wa uani, Sclerophrys gutturalis, dume mzima ana koo lenye weusi na jike ana koo jeupe. Kama una shaka, mshike kwa vidole viwili nyuma ya makwapa na umkandamize taratibu. Dume hutetemeka mbavu na kutoa mlio mfupi wa mkatomkato, ule ule anaoutoa akipandwa kimakosa na dume mwenzake. Jike kwa kawaida hunyamaza. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na dume asiyetoa hata mlio huu ama hajakomaa, ama androjeni zake ziko chini sana, ama si dume.

Chura wa majini wa pwani yetu, Xenopus muelleri, hutambulika kwa kucha nyeusi za miguu ya nyuma na kijinyuzi kirefu chini ya jicho. Jike ana vinyama vinavyochomoza kwenye kloaka, dume hana. Dume ni mdogo zaidi, na akiwa kwenye msimu huwa na weusi upande wa ndani wa vidole na mikono ya mbele. Vyura warukaji wa jenasi ya Ptychadena hutazamwa kwenye taya: dume ana mipasuko miwili ya mifuko ya sauti, mmoja kila upande.

Dalili: halii kabisa

Anza na sikio lako. Xenopus hana mfuko wa sauti na hulia akiwa chini ya maji, kwa kuachanisha ghafla vipande vya gegedu kwenye koo. Sauti yake ni ya kutatarika, na ukiwa umesimama mlangoni huisikii. Zima pampu ya hewa, kisha weka sikio kwenye ukuta wa tangi kati ya saa 2 na saa 5 usiku. Madume wengi "bubu" hupona hapo hapo.

Akiwa bubu kweli, tazama kipimajoto. Kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 kwa ajili ya kompyuta za ofisini ni adui mkubwa wa vyura wa pwani. Hawa wanataka nyuzi 24 hadi 28. Chini ya hapo mmeng'enyo hupungua, korodani hupoa, na kulia hukoma. Lakini angalia usichanganye: Xenopus laevis wa Afrika Kusini, ambaye maabara nyingi duniani humtumia, anataka nyuzi 18 hadi 22. Huyo akiwekwa kwenye chumba cha Dar es Salaam cha mwezi Februari bila ubaridi, joto humchosha na ubora wa mbegu hushuka. Chumba kimoja hakiwezi kuwaridhisha wote wawili.

Kisha upweke. Dume aliyetengwa peke yake huishi bila moja ya vichocheo vikubwa vya homoni zake, yaani sauti za wenzake. Kwa chura wa mitini wa Marekani, Hyla cinerea, imeonekana kwamba kusikia kundi likilia kunaathiri androjeni za dume hata kama yeye mwenyewe halii. Weka madume watatu au wanne pamoja, au rekodi kwa simu sauti za spishi hiyo hiyo kutoka dimbwini na uzicheze jioni. Sauti za spishi nyingine ni makelele tu kwake.

Dume aliyekamatwa karibuni ana shida nyingine. Kukamatwa, kubebwa kwenye ndoo ndani ya daladala, na kushikwashikwa hupandisha kotikosteroni, na homoni hiyo ya msongo huibana testosteroni ndani ya saa chache. Ukimhitaji kwa mbegu, mtumie siku hiyo hiyo aliyokamatwa, au mwache wiki 4 hadi 6 azoee. Katikati ya hapo ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo watu wengi hujaribu. (Kukamata kwa utafiti kunahitaji vibali, kwa Tanzania anzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, mapema.)

Yote hayo yakiwa sawa, kilichobaki ni kwamba ubongo haujapata habari ya mvua. Mpe mvua. Kwa dume wa nchi kavu kama Sclerophrys, kwanza mpe kiangazi cha wiki 2 hadi 3: punguza maji yabaki bakuli la kujilowesha tu, udongo uwe na unyevu kidogo chini, chakula mara mbili kwa wiki. Usimkaushe kabisa, chura huonyesha kukaukiwa kwa ngozi kukunjamana na macho kuzama, na ukifika hapo umezidisha. Baada ya hapo mhamishie kwenye tangi la lita 80 hadi 100 lenye maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8, vipande vya mimea, na sehemu kavu ya kupanda. Funga pampu ndogo ya kuzamisha inayosukuma maji kwenye bomba la plastiki la nusu inchi lililotobolewa matundu ya milimita 1, lipite juu ya tangi. Washa saa 12 jioni, zima saa 3 usiku, kwa siku 3 hadi 5 mfululizo. Siku hizo hizo chakula kiwe tele: nyenje, nyungunyungu, mabuu ya nzi, na kumbikumbi wakitoka. Kumbikumbi wa mvua za kwanza si bahati tu kwa chura; mafuta yao ndiyo yanayogharimia kulia.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi kwenye ndoo pana kwa saa 24 au tumia sodiamu thayosalfeti. Maji ya mvua ni bora zaidi, mradi hayakupita kwenye paa lililopakwa rangi karibuni.

Dalili: alilia siku chache, akanyamaza

Hapa hakuna ugonjwa, na ni bora usiguse kitu. Kulia ni kazi nzito sana kwa dume. Usiku wa kulia hawindi, uzito unashuka, kotikosteroni inapanda ili kuifungulia misuli nishati, na ikifika kiwango fulani inaishusha testosteroni. Dume hunyamaza, hula, kisha hurudi. Mpime kwa mizani ya gramu. Akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa awali, mtoe kwenye mvua, mlishe vizuri kwa wiki 2 hadi 3, ndipo umrudishe. Kumchoma homoni wakati huu ni kumkamua mnyama aliyeishiwa, na matokeo yake ni mbegu chache na dume mgonjwa.

Ukimpasua chura aliyekufa katika hali hii utaona ushahidi. Viungo vya mafuta, vile vya njano vyenye umbo la vidole vilivyoshikana na ncha ya mbele ya korodani, vitakuwa vimesinyaa hadi kuwa nyuzi. Kwa dume aliyeshiba kabla ya msimu huwa vinene na vinang'aa.

Dalili: anapanda, lakini hakuna mayai yaliyorutubishwa

Dume anayekumbatia dume mwenzake, kiatu, au samaki hana kasoro ya homoni; androjeni zimejaa na hana wa kumpanda. Kasoro iko kwa jike ambaye hajawa tayari.

Angalia mkao kabla ya kulaumu. Sclerophrys hukumbatia kwapani. Xenopus hukumbatia kiunoni, mbele ya miguu ya nyuma. Watu huwatenganisha Xenopus wakidhani dume "amekosea mahali". Usifanye hivyo. Kumbatio hilo linaweza kudumu usiku kucha, na kulivunja ni kuharibu kila kitu.

Kama kumbatio ni sahihi lakini linateleza kila baada ya dakika chache, tazama vidole. Pedi, yaani zile sehemu za vidole zenye weusi na ukwaru, zikiwa zimepauka na laini ni ushahidi kwamba androjeni zimekuwa chini kwa wiki kadhaa, hata kama leo amechangamka. Weusi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka, hivyo ni kumbukumbu ya mwezi uliopita kuliko habari ya leo. Rudi kwenye chakula, joto na mvua, umpe wiki 3 au 4.

Na kuna spishi ambazo hutakiwi kusubiri mayai kabisa. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009 na ambaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea kundi la kufuga mwaka 2010, hurutubisha ndani ya mwili wa jike na jike huzaa vichura kamili. Kwake unyevu wa ukungu wa kudumu ndio wenye uzito, wala dimbwi la mayai halimhusu.

Dalili: amechomwa sindano, hakuna mbegu kwenye mkojo

Njia hii ina historia. Mwaka 1947 daktari wa Argentina, Carlos Galli Mainini, alionyesha kwamba mkojo wa mama mjamzito ukichomwa kwa chura dume, mbegu huonekana kwenye mkojo wa chura ndani ya saa chache. Kilichofanya kazi ni hCG, homoni ya mimba inayoigiza LH. Mpaka leo hCG ndiyo ya kwanza kujaribiwa, na inapaswa kuchomwa na mtu aliyefunzwa.

Kwa Sclerophrys anza na uniti 10 za hCG kwa kila gramu ya uzito. Chupa ya unga wa uniti 5,000 iyeyushwe kwa mililita 5 za maji ya chumvi ya hospitali, upate uniti 1,000 kwa mililita. Dume wa gramu 45 anapata mililita 0.45, tumboni, upande wa chini mbali na mstari wa kati, kwa sindano nyembamba ya namba 26 au 27. Xenopus laevis dume hupewa uniti 100 hadi 300 kwa jumla, kwenye mfuko wa limfu wa mgongoni. Baada ya hapo mweke kwenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2, kwa sababu chura asiye na mkojo hawezi kukupa mbegu hata akiwa nazo. Chukua mkojo kila saa moja hadi saa 6 zipite. Mara nyingi wingi wa mbegu hufika kilele kati ya saa 3 na 6 baada ya sindano. Anayechungulia mara moja tu baada ya dakika 40 na kuandika "hakuna" amejidanganya.

Hakuna mbegu? Shuku dawa kabla ya chura. hCG ni protini. Ikishayeyushwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na hata ule unga haupaswi kulala kwenye kabati lenye nyuzi 32. Umeme ukikatika usiku kucha, jokofu likapoa tena asubuhi, dawa inaonekana vile vile lakini nguvu imepungua. Weka ndani ya jokofu kipimajoto kinachoandika kiwango cha juu kilichofikiwa, na ugawanye dawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Usiitikise chupa wakati wa kuyeyusha, izungushe taratibu.

Dawa ikiwa nzima, tumia homoni ya pili kama kipimo. Kisawe cha GnRH, yaani dawa inayoigiza GnRH, hupiga pituitari, hCG huruka pituitari na kupiga korodani moja kwa moja. Majibu yake yanasomeka hivi: ikiwa GnRH inaleta mbegu, mnyororo wote wa chini ni mzima na kasoro yako ni mazingira, rudi kwenye mvua. Ikiwa GnRH haileti lakini hCG inaleta, pituitari haimwagi LH au imezuiwa. Zote mbili zikishindwa kwa dume mzima, mnene, mwenye pedi nyeusi, basi mbegu zilizoiva hazimo korodanini: pengine alikamuliwa karibuni. Mwache wiki 4 kabla ya jaribio jingine, na usiongeze dozi mara tatu kwa hasira.

Kuna mtego wa spishi. Baadhi ya vyura wa jamii ya Rana hawaiitikii hCG vizuri, kwa sababu haishikani sawasawa na vipokezi vyao, ila huitikia GnRH. Kwa baadhi yao dopamini ya ubongo huizuia pituitari isitoe LH. Mchanganyiko uliochapishwa mwaka 2010 kwa jina la Amphiplex unaondoa kizuizi hicho: maikrogramu 0.4 za kisawe cha GnRH na maikrogramu 10 za metoklopramidi kwa kila gramu. Metoklopramidi ni ile ile dawa ya kuzuia kutapika. Kwa chura wa gramu 25 hiyo ni maikrogramu 10 za GnRH na maikrogramu 250 za metoklopramidi. Ampuli ya miligramu 10 katika mililita 2 inakupa kiasi hicho kwa mililita 0.05. Kosa la nukta hapa ni kosa la mara kumi. Piga hesabu mara mbili, mtu wa pili aisome.

Dalili: mbegu zipo, hazitembei

Ndani ya korodani mbegu hulala kwa sababu ya chumvi ya majimaji ya mwili. Zikikutana na maji yasiyo na chumvi huamka, huogelea kwa nguvu, na huchoka haraka. Mkojo wa chura wenyewe una chumvi kidogo sana, kwa hiyo saa imeshaanza kuhesabu kabla hujaweka tone kwenye kioo. Soma kwenye hadubini kwa ukuzaji wa mara 400 ndani ya dakika 2 au 3. Sampuli iliyokaa mezani wakati unatafuta vioo itaonekana imekufa.

Chanzo cha pili ni cha hapa kwetu hasa: maji ya kisima. Visima vingi karibu na bahari, kuanzia Msasani hadi Mbezi na ng'ambo ya Kigamboni, vina chumvi. Maji yenye gramu 3 za chumvi kwa lita yanakaribia nusu ya ukali wa majimaji ya mwili wa chura, na hapo mbegu hazipati ishara ya kuamka, au huamka kwa unyonge. Ulimi hautoshi kupima. Tumia kipima upitishaji umeme, na usikubali maji yanayozidi maikrosimensi 1,000 kwa sentimita kwa ajili ya kurutubisha mayai.

Ukiona zimevimba, mikia imejikunja kama kitanzi, zilikaa muda mrefu kwenye maji yenye chumvi ndogo mno. Ukiona kumejaa bakteria, ulichukua kinyesi pamoja na mkojo. Mfungishe kula siku 2 kabla ya sindano.

Dalili: korodani zina kitu kama mayai

Wanafunzi wanaopasua Sclerophrys dume huona, mbele ya korodani, kijinundu chenye chembe za mviringo kama mayai machanga, na mara moja huandika kuwa mto umechafuliwa. Hicho ni kiungo cha Bidder. Karibu kila dume wa familia ya Bufonidae, ambamo Sclerophrys yumo, anacho kwa maumbile; ni ovari iliyodumaa, na korodani ndizo zinazoizuia isikue. Korodani zikiondolewa, inaweza kukua ikawa ovari kweli.

Chembe za mayai ndani ya korodani yenyewe ni habari nyingine, hasa kwa Xenopus na Ptychadena ambao hawana kiungo hicho. Mwaka 2010 kundi la Tyrone Hayes huko Marekani liliripoti kwamba kiuagugu cha atrazini, kwa kiwango cha sehemu 2.5 kwa bilioni tangu hatua ya kiluwiluwi, kiligeuza asilimia 10 ya Xenopus laevis wa kiume kijenetiki kuwa majike wanaotaga. Maabara nyingine hazikupata matokeo kama hayo, na ubishi huo haujaisha. Kwa hiyo ukikuta chembe hizo kwa vyura wa bonde lenye bustani za mboga na maji taka, usiandike sababu. Andika mahali, tarehe, spishi, uzito, hali ya pedi na ya viungo vya mafuta. Hifadhi korodani zote mbili kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyodhibitiwa asidi. Na chukua idadi ile ile ya madume kutoka sehemu isiyolimwa, kwa mfano pembezoni mwa msitu wa Pugu, katika wiki hiyo hiyo ya mvua.